Chewa wa Ukutani

Nyumbani, Jumapili, 5 Machi

Baba Chiriku,

Salamu utazikuta mwisho, kwanza nikubebeshe mzigo wa samaki wako.

Bwana Mkubwa amegoma kula. Tangu Jumanne hajagusa kitu. Nimempa ngisi, nimempa vibua, nimempa hata minofu niliyokuwa nimejiwekea mimi. Anaiangalia inazama mpaka chini, kisha ananiangalia mimi. Unajua jicho lake linavyozunguka peke yake huku mwili umetulia tuli. Nimehamisha cherehani upande wa pili wa sebule, naye akageuka. Ila mtoto akirudi kutoka shule ananiacha, anageukia upande wa chumbani, anabaki huko mpaka jioni.

Wenzio wanafuga kuku. Wewe fundi vioo ukabomoa ukuta kati ya sebule na chumba cha mtoto, ukaweka tangi, ili chewa wako aonekane pande zote mbili. Ulipomleta alitosha kwenye bakuli, ukaniapia atakuwa wa kiasi. Jana nimempima kwa futi yangu ya ushonaji nikiwa nje ya kioo. Amefikia urefu wa mlango. Akipiga miayo, kichwa cha mtoto kinapita na nafasi inabaki.

Tena ameanza kuvuma. Sauti yenyewe huisikii sikioni, unaisikia kifuani, na vijiko vinatikisika kabatini. Mteja mmoja aliacha gauni lake nusu akasema atarudi. Hajarudi.

Huko mlimani kungekuwa na mtandao ningekupigia, ukajisikilizia mwenyewe. Basi naandika, lori la mahitaji likuletee. Chiriku hajambo. Maneno yake yamepungua kidogo, na wewe unajua hilo jina hatukumpa bure. Nadhani amekukumbuka.

Na mimi pia, ila usijivune.

Mkeo


Kambini, 10 Machi

Mama Chiriku,

Nimeisoma barua yako mara mbili na hilo la mteja limenichekesha.

Chewa hagomi bure. Amezoea mkono wangu. Mimi humshikia chakula ndani ya maji. Anakuja polepole, anauvuta mkono mdomoni mpaka kifundo, anachukua chake, anauachia. Meno yake ni madogo na hatafuni, humeza kizima kizima, kwa hiyo usiogope. Fanya hivyo hivyo, atakuzoea. Na huo mvumo ndio lugha yao. Chewa wakubwa wote huvuma, usifikirie mambo mengine.

Kazi inaendelea vizuri. Tuko ghorofa ya sita ya hii hoteli, vioo vya urefu wa mtu na nusu, na upepo wa hapa hauna adabu. Chumbani niko na mwenzangu tunayemwita Mpole, fundi mzuri, anakoroma kwa zamu na mimi. Mkataba ni mpaka Juni, kisha nipo nyumbani.

Mwandiko usikushangaze. Nimepata kalamu nzuri.

Mumeo


Nyumbani, 15 Machi

Baba Chiriku,

Kalamu nzuri, eti. Miaka kumi na moja mwandiko wako ni wa kuku aliyekanyaga wino, leo herufi zimenyooka kama mashuka ya hoteli, tena nyingine zina vikia. Mwambie huyo mwenye kalamu nzuri kwamba mwenye mume yupo, na ana mikasi mikubwa.

Hilo nimelisema nikitabasamu. Linalofuata silitabasamii.

Nilitia mkono kwenye maji kama ulivyosema. Alikuja, akaunusa, akanipa mkia. Jioni tukiwa mezani Chiriku akaweka kijiko chini akasema, "Baba hana vidole viwili. Kidogo na kinachofuata."

Nikamuuliza nani kamwambia. Akasema Bwana Mkubwa, tangu ile Jumanne aliyoacha kula. Alisema bila kunitazama, kama mtu anayesoma kitu kilichobandikwa ukutani. Nimemkanya asirudie utani wa namna hiyo. Hakunijibu, na wewe unajua yule mtoto hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe.

Niandikie kwamba ni upuuzi, nicheke niendelee na kazi zangu. Tafadhali niandikie kwa mkono wako.

Chiriku amekonda kidogo, ni joto tu.

Mkeo


Kambini, 20 Machi

Mama Chiriku,

Huu ndio mkono wangu, wa kushoto. Nisamehe.

Jumanne ile ile, tarehe ishirini na nane, kioo kiliteleza kwenye vishikio na mimi sikuachia kwa wakati. Vidole viwili vya mkono wa kulia. Kidogo na kinachofuata. Aliyekuwa ananiandikia ni karani wa ghala. Ana masharubu na wajukuu wanne, kwa hiyo mikasi irudishe kwenye droo. Niliwaomba hapa wasikutumie habari. Nilitaka uone kwa macho nikirudi, nikiwa nimeshapona, tukatania.

Kwa hiyo hakuna aliyemwambia mtoto. Hakuna mtu. Nimekaa na barua yako mpaka chai ikapoa.

Naogopa, lakini nitakuwa muongo nikisema ni woga tu. Nimemlisha mnyama yule kwa mkono wa kulia miaka sita. Anaujua. Umbali wote huu akajua umekatwa. Kuna kitu kimenifurahisha humo, sijui nikiite nini.

Mke wangu, mwambie Chiriku amuulize swali moja. Je, nitamaliza mkataba huu salama? Tunafanya kazi juu sana, na mkono wangu haushiki kama zamani.

Mumeo


Nyumbani, 25 Machi

Baba Chiriku,

Nililia kwanza, kisha nikakasirika, kisha nikalia tena. Ungeniambia. Mimi ni mkeo, si mkaguzi.

Swali lako nililikalia siku mbili. Leo nimemwambia mtoto. Akaenda chumbani, akaegemeza paji la uso kwenye kioo, na samaki akaja akaweka uso wake hapo hapo. Walisimama hivyo tangu baada ya chakula cha mchana mpaka jua lilipotoka dirishani. Samaki alivuma mara tatu. Mimi nilikuwa mlangoni na suruali ya watu mkononi, sikushona hata tundu moja. Nilitaka kumvuta na sikumvuta, kwa sababu nilitaka kujua. Nakiri.

Aliporudi alisema, "Baba asipande winchi siku wanayopandisha kioo cha mwisho cha ghorofa ya tisa."

Hajui winchi ni nini. Nami sijui mmefika ghorofa ya ngapi. Wewe ndiye utakayejua. Usipande, nakuomba kwa jina la huyu mtoto.

Chiriku amechoka kidogo, vidole vilikuwa baridi nikavisugua. Si jambo la kukutia wasiwasi.

Mkeo


Kambini, 6 Aprili

Mama Chiriku,

Niko hai.

Juzi tulifika kioo cha mwisho cha tisa. Nilisema tumbo linanisokota. Kamba ya winchi, ile mashine inayotupandisha pamoja na vioo, ilikatika saa nne asubuhi. Aliyepanda kwa nafasi yangu ni Mpole.

Nilikuwa nimekaa kitandani, viatu miguuni, nikiangalia kwa dirisha. Nilimwona akivaa mkanda. Alinipungia mkono, akashika tumbo lake kunitania. Sikumwambia. Ningemwambia nini? Kwamba samaki wa sebuleni kwangu amekataza? Angecheka, na wote wangecheka. Basi nikanyamaza, na sasa kitanda chake kimekunjwa na mimi nalala nikikiangalia.

Baada ya kumzika nilimweleza msimamizi, nikitegemea atanifukuza. Alifunga mlango, akanisihi nimuulizie habari za mkewe anayeumwa. Kufikia jioni walikuwa wamenijia wanane. Watu wazima, mama, wengine wamenipita umri. Maswali yao nimeyaandika kwenye karatasi iliyo ndani ya bahasha hii. Aulize moja moja, asichanganye.

La tisa ni langu. Nataka kujua siku yangu. Siku yenyewe, ili nijipange, nisiwaache ghafla kama Mpole alivyowaacha wake.

Bwana Mkubwa mtunze. Pampu isizimwe hata kidogo. Usiruhusu mtu amguse.

Mumeo


Nyumbani, 12 Aprili

Baba Chiriku,

Pole kwa Mpole. Nimemlilia mtu nisiyemjua.

Karatasi yako nimeichoma jikoni. Sasa kaa chini usome, kwa sababu na mimi nilikuficha, na kwa kukuficha nimekuachia uombe usichopaswa kuomba.

Mtoto wako hatafuni. Ilianza mwezi uliopita, nikajidanganya ni meno yanayong'oka. Juzi nilimpa yai la kuchemsha, akalitia mdomoni zima, nikaliona likishuka kooni. Hakukohoa. Analala macho wazi. Nikimgusa mgongoni ni baridi, na blanketi mbili hazisaidii. Daktari amempima kila kitu akaniambia hana ugonjwa, nimlishe. Mwalimu amemrudisha nyumbani kwa sababu alisimama ubavuni mwa ukuta kipindi kizima, mdomo ukifunguka na kufumba. Nikimwita Chiriku hageuki. Nikigonga kioo anageuka.

Naye samaki, ambaye hajala wiki ya sita sasa, ameongezeka shibiri moja. Nimempima.

Swali lako lile moja lilimchota hivyo. Wewe umeniletea tisa.

Nimekwenda kule wanakoonyesha samaki kwa wageni. Walinisikiliza kwa upole wakaniambia kila mwezi kuna mtu huwapelekea chewa aliyemnunua akiwa saizi ya kiganja, na wao hawana tena pa kumweka hata mmoja. Basi nimenunua turubai. Nashona machela ya kumbebea, mshono mara mbili, kwa sindano ya magunia. Wapagazi wanne wa soko la samaki wamekubali kuja na gari lenye tangi la maji. Tutamrudisha baharini, kwenye kina.

Sikuombi ruhusa. Nakuarifu.

Mama wa mtoto wako


Kambini, 18 Aprili

Mama Chiriku,

Usithubutu.

Unadhani simpendi mwanangu? Nataka niwepo akikua, ndiyo maana naomba. Yale ya wenzangu yaache, nimeshawaambia samaki amekataa. Bakisha langu tu. Swali moja, mchana mmoja, kisha mtoe umpeleke popote, hata mimi nitakuja kubeba.

Hujui ilivyo huku. Nikishika ngazi nafikiri ni leo. Nikishuka nafikiri basi itakuwa kesho. Vioo wameshaanza kuninyang'anya. Yupo mwenye jibu, yuko sebuleni kwangu, kwenye tangi nililolijenga kwa mikono yangu mwenyewe, na wewe unamshonea turubai.

Swali moja halimuui mtu. Msubirishe mpaka upate jibu.

Mumeo


Nyumbani, 25 Aprili

Baba Chiriku,

Barua yako ilifika jana asubuhi, na wapagazi walikuwa mlangoni. Niliisoma nimesimama. Kisha nikatoa bomba la tangi dirishani na maji yakaanza kushuka.

Ilichukua saa tatu. Hakuhangaika hata mara moja. Kadiri maji yalivyopungua ndivyo rangi ilivyomtoka, kahawia ikawa kijivu, kijivu ikawa nyeupe, na macho yote mawili yalikuwa upande wa chumbani. Akavuma. Wapagazi ni watu wa maneno machafu na vicheko, lakini mmoja wao alivua kofia. Chiriku alikuwa upande wa pili wa kioo, mikono ubavuni, naye ameanza kupauka midomo.

Tulimtia kwenye machela. Mshono ulishika. Walipopita naye mlangoni nilikuwa nimemkumbatia mtoto, na samaki akafungua mdomo, na Chiriku akafungua wake, pamoja. Akasema kwa sauti nzito isiyo ya mtoto, "Baba atakufa siku ya..."

Nikamziba mdomo. Nilimziba kwa kiganja chote na sikukitoa mpaka gari lilipokata kona. Akaning'ata. Aling'ata kwa meno yote, damu ikatoka, na mimi nikakaa sakafuni nikacheka huku nalia, maana zilikuwa zimepita wiki nyingi tangu mtoto huyu atumie meno yake.

Wapagazi wamerudi kuniambia alizama taratibu, hakuangalia nyuma. Chiriku alilala macho yamefumba mpaka alasiri. Alipoamka aliomba mkate, akala kuanzia ukoko, akitafuna mpaka nikamwonea huruma. Kisha akaanza kusema, na hajanyamaza tangu hapo. Ameniuliza kwa nini samaki hawana shingo. Ameniuliza kwa nini nashona nguo za watu na zake zina matundu.

Uliomba jibu. Sinalo. Lilibaki chini ya kiganja changu. Tafadhali usiliulize tena.

Mkeo


Kambini, 5 Mei

Mama Chiriku,

Nashukuru mtoto anakula. Nashukuru kweli, nimelia.

Lakini siwezi kutoka chumbani. Ni siku ya tisa sipandi kazini. Mkataba wanataka kuuvunja, na wauvunje. Nikasema basi nirudi nyumbani, nikafunga mzigo. Lori limeshuka mara mbili bila mimi. Mara ya pili nilishafika kwenye ngazi yake, nikaona magurudumu, nikarudi. Karani wa ghala ananiletea chakula mlangoni. Sahani nazigeuza nikitafuta vipande vya chupa.

Alisema, "Baba atakufa siku ya." Maneno yale nayasikia kutwa. Ningejua ni mbali ningeishi kama mtu. Ningejua ni karibu ningejua pia la kufanya. Kutojua ndiko kunakoniua.

Hukusikia hata kidogo? Mwezi tu? Mtoto hakumbuki? Usimlazimishe, muulize kwa utani tu akiwa anacheza.

Mumeo


Nyumbani, 10 Mei

Mume wangu,

Mtoto hakumbuki. Nimemuuliza mara moja, kwa utani kama ulivyotaka, akaniambia Bwana Mkubwa alikuwa akinuka mdomo. Akaenda kuruka kamba.

Mimi ndiye niliyekudanganya. Mkono wangu ulichelewa. Nilisikia yote, siku, mwezi na namna itakavyokuwa.

Sitakuambia, hata ukinipigia magoti. Nimeona kujua kumekufanya nini kabla hujajua chochote. Mzigo huu nimeupokea mimi, nitaubeba mimi, na nikitabasamu mbele yako usianze kunichunguza uso. Nakuambia mambo mawili tu, kwa sababu nayo ni kweli. Si barabarani, kwa hiyo lori usiliogope. Wala si kwa kioo wala kwa kuanguka.

Nimezihesabu siku, nikazihesabu tena. Zinatosha kula mchana mezani tukiwa watatu, wewe ukilalamika chumvi. Zinatosha kumfundisha Chiriku baiskeli, akianguka umnyanyue. Zinatosha mimi kukuambia nakupenda, jambo ambalo miaka kumi na moja nimekuwa nikilisema kwa kukugombeza. Hazitoshi kukaa kitandani ukigeuza sahani. Hazitoshi kungoja Juni.

Lori lililoleta barua hii lisishuke bila wewe.

Mkeo